Sura ya Nne: Safu ya Kagera

Mto Kagera, ulio mkubwa kuliko mito yote iingiayo katika ziwa Viktoria, una maumbile yanayowavutia majemadari na kuwahadaa. Hutoka katika ziwa dogo la Rweru, mpakani mwa Rwanda na Burundi, ukaelekea kaskazini baina ya Rwanda na Karagwe. Kisha, ufikapo mkabala wa nchi ya Ankole, hugeuka kuelekea mashariki, ukapita Nsongezi na Kifumbiro na Kyaka, mpaka umwage maji yake ziwani kaskazini kidogo ya mpaka wa Tanzania na Uganda. Amiri aitazamapo ramani huona hapo handaki ambalo hakuna mtu aliyetoka jasho kulichimba: maji mengi yaendayo kwa nguvu, vinamasi vya mafunjo ambamo mguu haupati pa kukanyaga, mamba na viboko, na vivuko vichache mno. Sura hii ni habari ya watu walioutegemea mto huo kama ukuta wakati wa vita, na jinsi safu yao, baada ya kusimama karibu miaka miwili bila ya kupasuliwa, ilivyoanguka pasipo kupigwa mahali ilipokuwa imara.

Asili ya mambo ni mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ambao kwao Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi zisizo zao, zikaafikiana kuwa upande wa magharibi wa ziwa himaya zao zitenganishwe na digrii ya kwanza kusini ya Ikweta. Mstari huo haukujali kilima wala bonde. Uliikata nchi kwa rula, ukaiacha Buddu upande mmoja na Missenyi na Kiziba upande wa pili, ingawa watu wa pande hizo walikuwa wakioana tangu zama za mababu, wakiuziana buni na nguo za magome, na ingawa lugha zao zimekaribiana hata mmoja huweza kumsikia mwenzake kwa taabu kidogo tu. Na kwa kuwa mto wenyewe katika sehemu hiyo hupita kusini ya digrii iliyotajwa, pakabaki baina ya mto na mstari kipande cha nchi cha kilometa za mraba zipatazo 1,800, ambacho kwa karatasi kilikuwa milki ya Wajerumani lakini kwa maumbile kilikuwa ng'ambo. Hakuna jeshi kutoka kusini lililoweza kukilinda kipande hicho bila ya kuuacha mto mgongoni mwake, na hakuna jeshi lipendalo kupigana na maji yakiwa nyuma yake. Kipande hicho ndicho kilichowaletea wakazi wake dhiki mara mbili katika karne moja.

Vita vilipotangazwa Agosti 1914, jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki lilikuwa na kampani 14 za askari, nayo ya 7 ndiyo iliyokaa Bukoba, ikiwa na kituo Kifumbiro penye kivuko. Pamoja na askari hao walikusanywa rugaruga, yaani wapiganaji waliotolewa na watawala wa Kihaya. Kwa maana Wajerumani hawakuitawala Bukoba kama walivyoitawala Tanga au Dar es Salaam, bali waliweka Residenti, wakawaacha Wakama katika viti vyao, hasa Kahigi wa Kianja, ambaye urafiki wake na wageni ulimzidishia nchi na adhama. Ng'ambo ya pili Waingereza walikuwa na polisi wa Uganda, askari wa King's African Rifles, na wapiganaji wa Buganda waliotolewa na wakuu wao. Katika miezi ya kwanza pande mbili zilisukumana huku na huku katika kile kipande cha kaskazini na kugombea Kyaka. Na baada ya patashika hizo kila upande ukatulia penye ukingo wake, Waingereza kaskazini ya mto na Wajerumani kusini, wakaanza kuchimba.

Asidhani msomaji kuwa ngome hizo zilikuwa za mawe na chokaa kama zile alizozoea kuzisikia za Mombasa au Kilwa. Zilikuwa mahandaki ya udongo, maboma ya miti na miba, vibanda vya walinzi juu ya vilima, njia zilizofyekwa ili habari zifike upesi kutoka kituo kimoja hadi kingine, na mitumbwi iliyokokotwa na kufichwa ili asiipate adui. Nguvu ya safu ilikuwa katika mto na katika uhaba wa vivuko; kazi ya askari ilikuwa kuvitazama vivuko hivyo usiku na mchana, na kumpiga risasi kila aliyejaribu kuingia majini. Kwa kazi hiyo watu mia chache waliweza kuizuia nchi ambayo pengine ingalihitaji maelfu, na hii ndiyo sababu iliyowafanya Wajerumani, ambao hawakuwa na njia ya kupata askari wengine kutoka kwao, kuipenda safu hiyo.

Walakini mahandaki hayajichimbi, na chakula hakijipeleki kambini. Mzigo wa safu ya Kagera ulibebwa na wenyeji wa kingo mbili, nao ni watu ambao vitabu vingi vya vita hivyo huwapita kwa neno moja au mawili. Mwanamume aliyekuwa na kibanja chake, migomba yake na mibuni yake, alitakiwa kutoa ndizi na maharage na ng'ombe. Akiisha kutoa mali alitakiwa kutoa mabega yake, akawa mpagazi, akabeba masanduku ya risasi na mizigo ya unga kwa njia ambazo hakuzichagua, kwa ajili ya ugomvi ambao hakuna aliyemweleza chanzo chake. Ng'ambo ya mto mwenziwe alitendwa vivyo hivyo na bwana mwingine. Mto ambao siku zote ulivukwa kwa arusi, matanga na biashara ukageuka kuwa mahali ambapo mtu hupigwa risasi kwa kuushika mtumbwi. Kwa fikira yangu hasara hii peke yake, kabla ya kuhesabu maiti hata mmoja, inatosha kuifanya habari ya safu hiyo istahili kuandikwa.

Sasa na tuutazame ubovu wa safu. Mstari wowote wa ulinzi una ncha mbili, na mwenye akili huuliza kwanza ncha hizo zimeshikwa na nini. Ncha ya magharibi ya safu ya Kagera ilikomea Karagwe, na zaidi ya hapo ilitegemea Rwanda, ambako Kapteni Max Wintgens alikuwa akiwazuia Wabelgiji kutoka Kongo. Maana yake ni kwamba usalama wa Bukoba ulikuwa amana katika mikono ya watu waliokuwa mbali sana na Bukoba. Ncha ya mashariki ilikuwa ziwa. Mtu asimamaye leo katika miinuko iliyo nyuma ya mji, upande wa Kibeta, akageuza uso kulikabili ziwa, hahitaji mwalimu wa vita kumfafanulia jambo hili: mbele yake ni maji yasiyo na ukuta, na mji wa Bukoba umekaa chini ukingoni, wazi kwa kila chombo kijacho. Waingereza walikuwa na reli kutoka Mombasa iliyofika Kisumu tangu 1901, na penye mwisho wa reli hiyo walikuwa na meli kadhaa, ambapo Wajerumani katika ziwa hilo walikuwa na meli moja ndogo iliyoitwa Muansa. Kwa hiyo safu iliyofungwa kwa uangalifu mkubwa upande wa nchi kavu iliachwa mlango wake wa nyuma bila ya komeo.

Mlango huo uligongwa mara ya kwanza Juni 1915. Bukoba palikuwa na mtambo wa simu ya upepo, wenye mlingoti mrefu, uliowawezesha Wajerumani wa upande huo wa ziwa kupashana habari na wenzao, na Waingereza wakaazimia kuuondoa. Kutoka Kisumu wakaja kwa meli, chini ya Brigedia-Jenerali James Stewart, na jeshi ambalo kwa mchanganyiko wake lilikuwa picha ya dola nzima ya Waingereza: Loyal North Lancashire kutoka Uingereza, Punjabi wa 29 kutoka Bara Hindi, King's African Rifles, mizinga ya milimani, na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichojaa wasafiri na wawindaji na watu waliokwisha tembea dunia. Miongoni mwao alikuwa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 63, akipanda milima na kulala chini pamoja na vijana. Mtu huyo aliuawa Januari 1917 huko Beho Beho, karibu na Rufiji, na kaburi lake liko katika nchi yetu.

Alfajiri ya tarehe 22 Juni waliteremka pwani ya ziwa kaskazini ya mji, chini ya mteremko mkali sana, wakaupanda kabla ya walinzi kuwahi kuukalia. Hapo ndipo mapigano yalipoanza, kutoka jabali hadi jabali na kutoka shamba la migomba hadi shamba jingine, kwa kuwa walinzi wa mji, ingawa hawakuzidi mamia machache, waliijua ardhi na waliitumia vema. Wakati huohuo majeshi ya Uganda yalifanya harakati kwenye Kagera, ili Wajerumani waliokuwa mtoni wasithubutu kuiacha safu na kuja kuuokoa mji. Tazama basi hali ya mambo: mahandaki ya mtoni yalikuwa salama, askari wake walikuwa tayari, wala hakuna adui aliyeyashinda, nao hawakuweza kuufaa mji ambao kwa ajili yake mahandaki hayo yalichimbwa. Alasiri ya tarehe 23 Bukoba ilishikwa. Mlingoti wa simu ya upepo ukaangushwa, boma likaharibiwa, na nyumba za mji zikatekwa mali na askari kwa ruhusa ya wakubwa wao, jambo ambalo lilikuwa aibu siku ile na linabaki kuwa aibu hata sasa. Kisha washindi wakapanda meli zao wakarudi Kisumu.

Kwa nini hawakukaa? Kwa sababu mwaka ule Waingereza hawakuwa na jeshi la kutosha kuishika nchi. Macho yao yalikuwa Kilimanjaro na reli ya Tanga. Wakaondoka, Wajerumani wakarudi katika mji uliotiwa moto na kuporwa, na safu ya Kagera ikaendelea mwaka mwingine mzima kama kwamba hapakuwa na lililotukia. Naona hapa ndipo lilipo kosa kubwa la wakuu wa Kijerumani. Waliyahesabu mashambulizi ya Bukoba kuwa ni msiba uliokwisha pita, hali yalikuwa ni onyo lenye kueleza kila kitu kitakachofuata. Nao hawakuwa na dawa ya onyo hilo, maana ziwa halikuwa lao na askari hawakuwa nao. Ilibaki kungoja.

Kungoja kukaisha mwaka 1916. Mwezi Machi Jenerali Jan Smuts alianza vita vikubwa upande wa Kilimanjaro, na Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, amiri mkuu wa Wajerumani, akalazimika kuelekeza huko kila bunduki aliyoweza kuipata. Upande wa magharibi uliachiwa Jenerali Kurt Wahle, aliyekuwa na nchi kubwa mno na watu wachache mno. Mwezi Aprili Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, wakaingia Rwanda kwa vikosi viwili vikubwa, wakisaidiwa mizigo yao na wapagazi waliotoka Uganda. Kikosi cha kaskazini cha Kanali Philippe Molitor kilifika Kigali tarehe 6 Mei. Wiki mbili baadaye Nyanza, makao ya Mwami Musinga, nayo ikashikwa, na Wintgens akaondoka kuelekea kusini ili asizungukwe. Ncha ya magharibi ya safu ya Kagera ikawa imening'inia hewani. Hakuna risasi iliyopigwa Kyaka iliyosababisha jambo hilo, wala hakuna ushujaa wowote wa walinzi wa Kyaka ambao ungaliweza kulizuia.

Molitor akageukia mashariki, akashika njia ya Biharamulo na pembe ya kusini-magharibi ya ziwa. Mwezi Juni, upande wa pili, Waingereza wa ziwani wakakishika kisiwa cha Ukerewe, kilichokuwa ghala ya mpunga ya Wajerumani, na majeshi yao ya ziwa yakawekwa chini ya Brigedia-Jenerali Sir Charles Crewe wa Afrika Kusini. Mtu aliyekuwa bado amekaa katika handaki la Kagera, akiutazama mto kaskazini kama alivyoamriwa, alikuwa sasa na Wabelgiji nyuma yake na meli za Waingereza ubavuni pake. Njia moja tu ilibaki, nayo ni kuondoka kabla ya njia hiyo kuzibwa. Katika Juni vituo vya mtoni vikaachwa kimoja baada ya kingine. Waingereza wakavuka bila ya kupata upinzani wa maana, na mwishoni mwa mwezi wakaingia Bukoba tena, safari hii wakakaa. Hivyo ndivyo safu ilivyokufa. Askari wengi waliokuwa wameilinda kwa karibu miaka miwili huenda hawakupata kumwona adui akishindwa wala akishinda mbele yao. Walipewa amri tu ya kufunga mizigo.

Mateso ya kuondoka yalizidi mateso ya kulinda. Kapteni Eberhard Gudowius, Residenti wa Bukoba, aliwaongoza watu wake kusini ili wakaungane na jeshi la Wahle, na tarehe 3 Julai, mahali paitwapo Kato, alikutana na kikosi cha Wabelgiji cha Meja Rouling kilichokwisha tangulia kuikata njia. Wakapigana vikali sana, na Gudowius akatekwa. Wale walioponyoka waliendelea na safari bila ya kiongozi, na mizigo yao iliyookolewa ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi walewale ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kuyaacha makwao. Mwanza ikashikwa na Waingereza tarehe 14 Julai, Tabora ikaingiwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba. Wakama walioshirikiana na Wajerumani wakajikuta mbele ya mabwana wapya, wakaanza upya kazi ya kuzihifadhi nchi zao kwa maneno na subira.

Si Kagera peke yake iliyoangushwa kwa njia hii. Mwaka 1940 Wafaransa walikuwa na safu ya ngome iliyoitwa kwa jina la waziri wao Maginot, yenye zege na chuma na mizinga na njia za chini ya ardhi, ambayo safu ya Kagera, kwa udongo wake na miba yake, haiwezi kutajwa pamoja nayo; nayo pia ilipitwa ubavuni, katika misitu ya Ardennes, na wengi wa walinzi wake walikuwa wangali ndani ya ngome zao zisizovunjwa wakati serikali yao ilipoomba suluhu. Tofauti ni kwamba Wafaransa walikuwa na fedha na nafasi ya kuchagua, ambapo Mjerumani wa Bukoba hakuwa na moja wala jingine.

Baada ya vita hivyo mto ulirudia kazi yake ya kuvukwa. Kyaka pakajengwa daraja, na magari yakapita kutoka Bukoba kwenda Masaka. Lakini mwaka 1978 akatokea mtu mwingine aliyeuona mto kuwa ukuta, na safari hii alitoka kaskazini. Tarehe 18 Oktoba ndege za Idi Amin ziliipiga Bukoba mabomu, vioo vya madirisha vikapasuka na watu wakaingiwa na hofu kubwa. Mwishoni mwa mwezi jeshi lake likaingia katika kile kipande cha kilometa za mraba 1,800, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa mpaka wa Uganda sasa ni Kagera. Siku mbili baadaye wanajeshi wake wakalilipua daraja la Kyaka kwa baruti, baada ya ndege zao kushindwa kulivunja. Waliamini kuwa daraja likiondoka, Tanzania haitavuka.

Nyuma ya ukuta huo wakafanya mambo ambayo wazee wa Missenyi huyasimulia hadi leo kwa sauti iliyobadilika: kuua, kunajisi wanawake, kuswaga ng'ombe kwa maelfu, kung'oa mitambo ya kiwanda cha sukari. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akasema kuwa uwezo wa kumpiga adui upo, sababu ipo na nia ipo, na magari yakaanza kuwaleta askari kutoka kila pembe ya nchi. Jeshi la Amin, ambalo lilikuwa limeutwaa mto ili uwe ngome, halikukaa kuulinda kwa dhati. Lilishughulika na nyara. Tarehe 14 Novemba Amin mwenyewe alitangaza kuwa anayaondoa majeshi yake. Mwezi huohuo Watanzania wakaanza kuvuka, kwanza kwa mashua, kisha kwa daraja la chuma la Bailey lililounganishwa vipande kwa vipande hapo Kyaka, na kufikia Januari 1979 hapakuwa na adui katika kile kipande cha nchi.

Hapo makamanda wa Tanzania walikabiliwa na swali lilelile ambalo Wajerumani walilijibu kwa kuchimba mahandaki: safu iwekwe wapi? Kuiweka mtoni kungaliwaacha wakazi wa kaskazini mikononi mwa mtu aliyekwisha waangamiza mara moja. Kuiweka penye digrii ya kwanza kungaliwaacha chini ya mizinga ya Waganda iliyokuwa katika miinuko ya Mutukula. Kwa hiyo tarehe 21 Januari wakaishambulia Mutukula na kuitwaa, na kutoka hapo, chini ya Jenerali David Msuguri na wenzake, wakasonga kwenda Masaka na Mbarara mwezi Februari, na Kampala tarehe 11 Aprili, bila ya kuchimba kando ya Kagera handaki hata moja la kudumu.